Veliky Novgorod kwa siku mbili mkiwa kundi: anzeni na magome, makanisa yatafuata

Mkuu, umeuliza kama kundi lenu la wanafunzi 16 mlioko Saint Petersburg, mkienda Veliky Novgorod, mji wa kale wa Urusi, Jumamosi na kurudi Jumapili, mtapata cha maana au mtaishia kupiga picha za makanisa tu. Nimekwenda mara mbili, zote na kundi. Februari tulikuwa 19, na mwaka uliofuata mwezi Juni tukawa 11. Safari ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Ya pili mpaka leo tunaizungumzia bwenini. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Siku mbili zinatosha. Ni kama kilomita 190, na treni ya Lastochka, yaani mbayuwayu, inaondokea stesheni ya Moskovsky na kuchukua kama saa tatu. Ukishuka, unatembea kwa miguu mpaka kwenye ngome ya matofali mekundu, ambayo wenyewe wanaiita Detinets, na mambo karibu yote yako humo au ng'ambo ya mto Volkhov.

Kosa letu la Februari lilikuwa hili: tulishuka kwenye treni tukaingia kanisa la kwanza, la pili, la tatu. Watu 19 wanasubiriana kila mlangoni, baridi inakata masikio, na ilipofika saa nane mchana hakuna aliyekuwa anakumbuka lipi ni lipi. Kuta nyeupe, kuba, picha za watakatifu. Dada mmoja wa Moshi aliniambia wazi kwamba amechoka na haoni tofauti, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hata mimi sikuiona. Kabla ya saa kumi na mbili jioni giza lilishaingia, tukarudi hotelini.

Juni nilibadilisha mpangilio. Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda kwanza makumbusho yaliyomo ndani ya ngome, chumba cha barua za magome. Huo ndio ushauri wangu mkubwa kwako, na ukiacha mengine yote, hili usiliache.

Kuna mti Warusi wanauita beryoza, ule wenye gome jeupe mnaouona kila mahali huko. Zamani watu wa Novgorod walikuwa wakilichuna gome lake, wakalichemsha lilainike, kisha wakaandika upande wa ndani kwa kukwaruza na kijiti cha chuma au mfupa. Hakuna wino. Barua ya kwanza ilichimbuliwa tarehe 26 Julai 1951 na mama mmoja aliyekuwa kibarua kwenye uchimbaji uliosimamiwa na mwanaakiolojia Artemy Artsikhovsky, na mpaka sasa zimepatikana zaidi ya 1,100 katika mji huu peke yake. Hazikuoza kwa sababu udongo wa pale ni mfinyanzi uliojaa maji, hewa haipiti. Udongo huohuo ulihifadhi hata barabara. Watu walikuwa wanatandika magogo juu ya tope, yakizama wanatandika mengine, na katika mtaa mmoja wachimbaji walihesabu tabaka 28 za magogo, moja juu ya nyingine.

Sasa sikiliza yaliyoandikwa humo. Siyo mambo ya wafalme. Ni nani anadaiwa na nani, ni samaki wangapi, tuma shati nimesahau. Kijana anayeitwa Mikita anamwambia msichana waoane, yeye anamtaka naye anamtaka, na anamtaja shahidi. Kuna mwanamke wa karne ya 11 anayemuuliza mwanamume kosa lake ni nini hata wiki hii nzima hakuja kumwona, ilhali amekwisha kumtumia ujumbe mara tatu. Barua yake ilipatikana imechanwa na vipande vimefungwa fundo. Mwongozaji alipotueleza hilo, kundi zima lilinyamaza. Tulikuwa tunamfikiria mwanamume aliyeisoma, akaichana, halafu akaifunga fundo.

Na kuna Onfim. Huyu alikuwa mtoto, wanakadiria miaka sita au saba, karne ya 13. Kwenye magome yake ameandika herufi zote za alfabeti, halafu silabi kwa mpangilio: ba, va, ga, da, kisha be, ve, ge, de. Wote tuliokuwa pale tuliangaliana. Nani kati yetu hakuimba ba be bi bo bu akiwa darasa la kwanza? Halafu, kama mtoto yeyote, kachoka na silabi akaanza kuchora. Kuna gome moja amechora mtu juu ya farasi anamchoma adui kwa mkuki, na pembeni kaandika jina lake mwenyewe, Onfim. Vidole vya mikono amevichora kama meno ya reki, vingine vitatu, vingine vinne, hakujali hesabu. Jingine amechora mnyama mwenye mkia uliojikunja, kaandika "mimi ni mnyama", na salamu kwa rafiki yake Danila. Nilinunua nakala ya mchoro wa yule mpanda farasi kwenye duka la zawadi, na sasa uko ukutani kwangu juu ya meza ya kusomea.

Mkitoka pale ndipo mwende kanisa kuu la Mtakatifu Sofia, hatua chache tu. Lilijengwa kuanzia 1045 hadi 1050. Utaliona kwa macho mengine, maana sasa unajua waliokuwa wakiingia humo ni kina Mikita na Onfim. Msipite haraka lango la shaba upande wa magharibi. Lilitengenezwa Magdeburg, Ujerumani, karne ya 12, na mafundi wamejichora wenyewe chini kushoto. Fundi wa Kirusi aliyeliunganisha, Avram, naye yupo, ameshika nyundo na koleo. Kanisa hili bado linasaliwa, hivyo akina dada wabebe mtandio na wanaume wavue kofia.

Mbele yake pana mnara wa Miaka Elfu ya Urusi wa mwaka 1862, wenye umbo la kengele. Wajerumani waliokalia mji kuanzia Agosti 1941 hadi Januari 1944 waliufungua vipandevipande ili wausafirishe, lakini hawakuwahi. Warusi waliusimamisha tena na kuuzindua upya tarehe 2 Novemba 1944, mji wenyewe ukiwa magofu matupu. Ufanyeni ndio mahali pa kukutania, hauwezi kumpotea mtu.

Mchana vukeni daraja la miguu mwende upande wa Biashara. Huku makanisa ni madogo na yamebanana, na usipojua sababu utachoka kama tulivyochoka sisi. Sababu ni kwamba mji ulikuwa wa wafanyabiashara, na wao ndio waliojenga mengi ya haya. Moja la Mtakatifu Paraskeva, la mwaka 1207, lilijengwa na wafanyabiashara waliosafiri ng'ambo. Jingine la Yohana lilikuwa la chama cha wauza nta, na mizani ya nta ilikuwa pale. Chagueni mawili tu. Kama hali ya hewa ni kavu, ongezeni kanisa la Kugeuka Sura mtaa wa Ilyina lenye michoro ya ukutani ya mchoraji Theofane Mgiriki ya 1378. Siku ya unyevu huwa wanalifunga kuilinda.

Jumapili asubuhi pandeni basi la mjini mwende monasteri ya Yuriev na Vitoslavlitsy, kijiji cha makumbusho cha nyumba za mbao. Nendeni mapema kabla watu hawajajaa.

Kuhusu kundi lenyewe. Gaweni watu watano au sita, kila kundi na mtu mmoja anayezungumza Kirusi vizuri, mpeane saa ya kukutana. Watu 16 wakitembea pamoja wanatembea kwa mwendo wa yule aliyechoka kuliko wote. Pesa za hoteli na chakula kusanyeni kabla ya safari, siyo mezani. Kama kuna mgeni kutoka nyumbani, aje na pesa taslimu, kwa sababu Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022.

Na tafadhali sana, karatasi. Februari mwenzetu mmoja aliacha kadi yake ya uhamiaji bwenini. Hoteli tuliyolipia ilikataa kumpokea, tukahangaika mpaka karibu saa tano usiku, baridi nyuzi 17 chini ya sifuri, ndipo akapanda basi la usiku kurudi peke yake. Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza. Nilimsindikiza kituoni na bado inaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kiongozi na sikukagua. Kagua pasi, kadi ya uhamiaji na usajili wa kila mtu kabla hamjatoka bwenini, uzishike kwa mkono wako, na ulizeni ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama mnatakiwa kuwaarifu.

Waislamu wenzangu, pelmeni, yaani vile vidonge vya unga vilivyojazwa nyama na kuchemshwa, nyingi zina nguruwe. Neno la kuuliza ni svinina, yaani nyama ya nguruwe. Sisi tulikula samaki na mkate mweusi tukashiba.

Nendeni Juni mkiweza. Saa nne usiku bado kulikuwa na nuru, watoto wanaogelea ufukweni chini ya ukuta wa ngome, na sisi 11 tumekaa darajani. Yule dada wa Moshi alikuwepo tena. Alikuwa anamfundisha mwenzake kusoma silabi za Onfim kutoka kwenye picha ya simu, ba, va, ga, da, na mzee mmoja wa Kirusi aliyekuwa anavua samaki pembeni akawa anawarekebisha matamshi.