Mtu wa Tano Kwenye Benchi

Wauguzi wanaoanza kazi huniuliza mara kwa mara: ukikutana na mtu anayekataa chanjo ya korona unamwambia nini? Maneno ya semina ninayo, ila siwapi hayo. Ninawasimulia nilivyochanjwa mimi, maana mimi mwenyewe nilikuwa mkataaji, na kitambulisho cha hospitali kikining'inia kifuani.

Ilikuwa Agosti 2021, Morogoro. Dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya korona ya kuchomwa mara moja, zilikuwa zimetua Dar es Salaam tarehe 24 Julai, na siku nne baadaye Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Watumishi wa afya tulipangwa kuanza, pamoja na wenye umri wa miaka 50 na kuendelea na wenye maradhi ya kudumu kama presha na kisukari. Basi wale wazee walikuja. Sisi tukawa tunapita pembeni ya chumba cha chanjo kama watu wenye deni dukani.

Watu hudhani mtumishi wa afya haogopi kwa sababu amesoma. Wanasahau tulikotoka. Takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 wa korona tangu Mei 2020. Januari 2021 Rais Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo hadharani. Wadini kwetu faili ziliandikwa nimonia, mitungi ya oksijeni ikazunguka kitanda hadi kitanda, na tukirudi nyumbani tulipiga nyungu kama kila mtu, mchaichai na malimao, blanketi hadi miguuni. Ukizoea kutoutaja ugonjwa kwa jina, hata kinga yake ikija unaiona kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Na simu nayo haikutuacha. Kundi letu la WhatsApp, la wauguzi jamani, ndilo lililonitumia video ya sarafu inayonata begani, ikifuatiwa na sauti ya mtu anayeapa kwamba waliochanjwa watageuka mazombi. Zombi halikuninyima usingizi. Kilichoninyima ni damu kuganda, kwa sababu hilo lilikuwa kweli. Marekani waliisimamisha Janssen kwa siku kumi mwezi Aprili wakichunguza madhara hayo, ambayo yalikuwa nadra mno lakini yaliwapata zaidi wanawake wa chini ya miaka 50. Mimi nilikuwa na 36.

Asubuhi hiyo nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikapita chumba cha chanjo kurudisha funguo. Kwenye benchi kulikuwa na watu wanne wamekaa kimya. Mchanjaji, tuliyesoma naye chuo, naye amekaa, boksi lake la baridi limefungwa.

"Mbona huwachanji?"

"Kichupa kina dozi tano. Nikishakitoboa nina saa sita, kinachobaki namwaga. Nina wanne hapa tangu saa mbili."

Mzee mmoja aliyevaa kanzu, miwani imefungwa kwa uzi, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Sista, wewe umeshachanja?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka mno kutunga uongo. "Bado, babu. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," akasema, akasogea kidogo. "Kaa hapa."

Nikakaa. Nikatia saini fomu ya ridhaa, ile ambayo mitaani walikuwa wakiitafsiri kwamba ukifa ni juu yako, wakati hata upasuaji wa ngiri unasainiwa. Mwenzangu akakizungusha kichupa taratibu bila kukitikisa, akavuta nusu mililita, akanichoma bega la kushoto. Tukakaa dakika 15 za kuangaliwa. Mzee alizihesabu kwa saa yake na ilipotimu ya 15 akatangaza, "Wote wazima," kana kwamba ndiye mganga mfawidhi.

Kosa langu lilianzia hapo. Sikumwambia kiongozi wa wadi, na nilikuwa na zamu nyingine usiku uleule. Saa mbili usiku baridi ilinishika hadi meno yakagongana, kichwa kinapasuka, bega kama nimepigwa rungu. Wenzangu wawili nao walikuwa wamechanja mchana huo baada ya kusikia kwamba mimi nimekubali. Wadi nzima usiku ule ilibaki na muuguzi mmoja na mwanafunzi. Kwa hiyo, ukiwa kazini, pangeni zamu: msichanje wote siku moja, na achanje anayeingia mapumziko. Kula kwanza. Homa ikija, panadoli na maji, na kwa wengi haizidi siku mbili. Ila kichwa kikiuma kupita kawaida siku kadhaa baadaye, au kifua kikibana, tumbo likiuma bila kuacha, mguu ukivimba, usijitibu nyumbani, nenda hospitali na useme ulichanja lini.

Tangu siku ile, mtu akikataa huwa namuuliza kwanza anaogopa nini hasa, kisha nanyamaza. Wa mazombi simcheki, kwani mara nyingi chini ya zombi kuna hofu nyingine, kwa mfano ya kukosa mtoto, na hiyo ndiyo ya kuzungumza. Wa damu kuganda namwambia ni kweli na ni nadra, na namtajia dalili zake. Na simwahidi mtu kwamba hataugua. Majaribio ya Janssen yalionyesha kinga ya kama asilimia 66 dhidi ya ugonjwa wa wastani hadi mkali, na 85 kwa ule mkali kabisa. Ukiahidi mia, mtu wako akipata mafua tu umempoteza, yeye na mtaa wake.

Mama mkwe, mwenye presha ya miaka mingi, nilimpa maelezo yote haya kwa simu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akajibu, "Haya." Kisha akaanza kunipigia kila asubuhi: "Umeamkaje, mkamwana?" Nikafurahi, nikidhani ni upendo. Kumbe anahesabu siku. Siku ya kumi na mbili hakuuliza nimeamkaje.

"Kesho nakuja huko kwenu," akasema. "Lakini huyo mwenzako asinichome mkono wa kulia. Ndio wa kupepetea mchele."