Saratani Hupenya, Husambaa au Huhama?

Swali: Ninatafsiri makala ya afya kuhusu protini zinazopitisha ishara kwenye seli na mchango wake katika safari ya saratani mwilini. Niliandika hivi: “Protini za ishara hupelekea saratani kuvamia na kuhamia viungo vingine.” Mhariri ameikataa sentensi yote bila kunieleza sababu. Kosa liko wapi?

Jibu: Mhariri wako ana haki ya kuikataa, ingawa alipaswa kukueleza, maana vitenzi vyako vyote vitatu vina kasoro na kila kimoja kina kasoro yake.

“Kupelekea” ni “kupeleka” kilichotiwa kiambishi cha kutendea, na kwa kawaida hudai mpokeaji pamoja na kitu kinachopelekwa: nimempelekea mama barua. Ukisema protini hupelekea saratani kuhama, msomaji makini huona kwamba saratani imetumiwa mzigo usiotajwa. Matumizi hayo yameshika mizizi katika habari na hotuba, lakini katika maandishi ya kitaalamu ningeyaepuka. Cha kuchekesha ni kwamba kitenzi hichohicho, kikitumiwa kwa maana yake ya asili, kinaieleza barabara kazi ya protini hizi. Itazame TGF-beta, mojawapo ya protini za ishara: ikiwa nje ya seli, hunasa kwenye kipokezi kilichojitokeza juu ya utando, kipokezi nacho huzibandika fosfati protini za Smad zilizo ndani, nazo huingia kwenye kiini cha seli na kuathiri jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Hapo andika bila wasiwasi: “Protini za Smad hukipelekea kiini ujumbe.” Mpokeaji yupo, na kinachopelekwa kipo.

Usikimbilie “kusababisha” badala yake. TGF-beta hiyohiyo, saratani inapokuwa changa, mara nyingi huzuia seli zisigawanyike ovyo, na baadaye ndipo hugeuka kuwa msaada kwa seli zinazotaka kutoka. Protini yenye sura mbili namna hiyo haistahili kuitwa chanzo. “Huchochea” kinatosha, kwa kuwa mchochezi wa moto si lazima awe ndiye aliyeuwasha.

“Kuvamia” ndicho kitenzi ambacho wengi wangekitetea. Mimi kinanitatiza kwa sababu uvamizi katika Kiswahili ni wa ghafla, kama wa majambazi au wa nyuki, ilhali seli ya saratani hufanya kazi yake polepole na kwa mafichoni. Seli za tishu inayofunika viungo hushikana kwa protini iitwayo kadherini-E. Ishara kama ile ya TGF-beta ikifika kwenye kiini, jeni ya kadherini-E inaweza kuzimwa, seli zikaachana na majirani zake, kisha zikatoa vimeng’enya vya kumeng’enya kolajeni (protini inayoupa uimara) ya utando ulio chini yake, na kupitisha vijimguu vyembamba kwenye upenyo uliopatikana. Kitendo hicho ni kupenya, na kwa usahihi zaidi ni kujipenyeza. Maji hupenya ukutani kwa kuwa ufa upo. Anayejipenyeza hujitafutia njia kwa juhudi zake, na seli hii ufa huutengeneza mwenyewe.

Kuhusu “kuhamia”, jiulize kwanza ni nani anayehama. Aliyehama hayupo tena alikotoka. Seli moja iliyoingia kwenye mshipa wa damu au wa limfu imehama kweli, lakini uvimbe ulioizaa mara nyingi bado uko palepale, kwa hiyo seli huhama, saratani haihami. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alizilinganisha seli hizi na mbegu, na viungo zinakotua akavilinganisha na udongo, ambao baadhi yake huikubali mbegu na mwingine huikataa. Taswira yake inatusaidia hata katika sarufi, kwa sababu mbegu zinapopeperuka, mmea uliozizaa hauondoki na mizizi yake.

Kwa saratani yenyewe, basi, tumia “kusambaa”. “Kuenea” si kosa, na madaktari hukitumia kila siku, ila huleta picha ya kitu kinachojaza eneo bila kuacha pengo, kama moshi ulioenea chumbani. Saratani iliyotoka kwenye utumbo ikaota kwenye ini imeacha nafasi kubwa katikati; imesambaa kama watu watokao mkutanoni, kila mmoja na njia yake.

Sentensi yako ningeiandika hivi: “Protini zinazopitisha ishara huweza kuchochea seli za saratani kujipenyeza kwenye tishu jirani, na saratani kusambaa hadi viungo vya mbali.”

Kwa kuwa bado unaendelea na tafsiri, angalia pia kihusishi “-a”. Saratani iliyoanzia kwenye titi ikafika kwenye mapafu haiitwi “saratani ya mapafu”, kwani “ya” hapo hutaja asili yake na si mahali ilipo sasa. Seli zake bado ni za titi, na dawa huchaguliwa kwa kuzingatia asili hiyo. Andika “saratani ya titi iliyosambaa hadi kwenye mapafu”, hata kama mhariri atalalamika kwamba ni ndefu.