Wati elfu tano za kwenye boksi, na maswali mengine ya wapenda muziki

Barua za mwezi huu sikuzipanga kwa tarehe. Nimezipanga kwa kadiri zilivyonichekesha, na ya Likoni imeshika namba moja.

Kaka, nina sabufa imeandikwa wati 5,000 P.M.P.O. kwenye boksi. Jirani yangu kaleta amplifaya kuukuu ya Kijapani imeandikwa wati 45 tu, na akiifungulia ananifunika kabisa. Imekuwaje? (Msomaji, Likoni)

Geuza hiyo sabufa, uisome mgongoni pale waya wa umeme unapoingilia. Utakuta kibandiko kidogo kinachosema inakula wati 60, labda 80. Sasa niambie wewe, kitu kinachokula wati 80 kitatema vipi 5,000? Hizo P.M.P.O., eti nguvu ya kilele cha muziki, hazina kanuni ya kuzipima. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake, na anayeandika namba kubwa ndiye anayeuza. Wati 45 za jirani ni wati za mfululizo, zinazotoka kila upande, kushoto na kulia, bila sauti kupasuka.

Tena wati zenyewe watu hawazielewi. Ukitoka wati 50 ukaenda 100, umeongeza desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani sikio litasema "naam, imepanda kidogo". Ukitaka muziki usikike kama umepanda mara mbili, uwe na wati mara kumi. Ndiyo maana mimi nikiingia dukani huuliza kwanza habari za spika. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, ni mali. Ile inayotoa 84 itataka wati nne kufikisha kile ambacho mwenzake anakifikisha kwa wati moja. Amplifaya ndogo yenye spika nyepesi kusukumwa itamfunika mwenye boksi lililojaa namba. Sabufa usiitupe, kwa mpira na taarifa ya habari inatosha sana.

Shikamoo mzee. Marehemu babu ametuachia sanduku la santuri. Nyingine ni ndogo nyepesi zenye tundu kubwa katikati, nyingine nene na nzito kama sahani ya udongo. Nimenunua deki mpya ya kupigia santuri, lakini zile nzito zinakwaruza tu na moja imenipasukia mkononi. Nimeambiwa nizioshe kwa spiriti. Ni sawa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Hiyo chupa ya spiriti iweke chini kabla hujasoma mstari unaofuata.

Hizo nzito ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, utomvu uleule uliokuwa ukitiwa kwenye lakiri ya kufungia barua. Fundi seremala huuyeyusha kwa spiriti akapaka makabati yang'ae. Kwa hiyo ukizipangusa kwa spiriti, utakuwa unaipangusa sauti yenyewe. Tumia maji yasiyo na chumvi, yale yaliyokenekwa ya kujazia betri (soma chupa vizuri, isije ikawa asidi), tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini. Pangusa kwa kufuata mzunguko, karatasi ya katikati isilowe, kisha ikaushe palepale kwa kitambaa kingine uisimamishe kivulini. Ile iliyopasuka ihifadhi vipande vyote kwenye bahasha. Usiigundishe kwa supagluu.

Kukwaruza kunatokana na sindano. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Sindano ya deki mpya ina ncha ya mikroni 18 hadi 25 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na ya 78 inatakiwa iwe kama 76. Ukiweka ile nyembamba, inazama hadi chini kwenye vumbi la miaka themanini, inakwangua takataka badala ya kupanda kwenye kuta mlimoandikwa muziki. Tafuta sindano ya 78 ya katriji yako, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, huwa inauzwa peke yake. Angalia pia kama deki ina mwendo wa 78, maana nyingi za sasa zinaishia 33 na 45.

Halafu zipitie moja moja usome majina kabla hujapiga hata moja. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, zilizotoka ni santuri za namna hii, upande mmoja dakika tatu hivi, zenye ile nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Ukiliona jina lake, ifunge kwenye karatasi safi, uisimamishe wima, uisubirishe hadi sindano yake ifike. Nasema hivyo kwa sababu kila mpigo wa sindano isiyo yake unakwangua kitu ambacho hakirudi.

Zile ndogo za tundu kubwa ni za 45, na hazina tabu. Nyingi zilichapwa Nairobi, hata za bendi za Tanzania. Hizo ni plastiki, adui yao ni jua. Ukiisahau moja kwenye dashibodi saa saba mchana, utairudia imekunjamana kama chapati.

Nimeletewa kutoka Japani deki ya santuri ya mkanda na amplifaya yenye redio. Nimenunua transfoma ya kushusha umeme, vyote vinawaka. Lakini waimbaji wote wanaimba kwa uvivu, sauti nzito kama wana mafua, na redio haishiki stesheni hata moja ninayoijua. Ni mbovu? (Msomaji, Kinondoni)

Ndugu yangu, hivyo vyombo ni vizima. Shida ni kwamba bado viko Japani.

Tuanze na redio, maana dawa yake unaijua tayari: kile kijiboksi cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena. Ni ugonjwa uleule wa redio za magari ya Kijapani. Kwao FM inaanzia megahezi 76, na redio za zamani zinaishia 90, ilhali stesheni zetu zimetawanyika kutoka 88 hadi 108. Unachoambulia ni kile kipande kidogo cha 88 hadi 90.

Deki ndiyo yenye kisa. Umeme wa Japani ni volti 100 nchi nzima, ila masafa yamegawanyika: upande wa Tokyo ni hezi 50 (mapigo 50 kwa sekunde), upande wa Osaka ni hezi 60. Deki nyingi za zamani za mkanda, yaani zile ambazo sahani huzungushwa kwa mkanda wa mpira, zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Bila shaka yako imetoka upande wa Osaka, imezoea mapigo 60, na sisi tunaipa 50. Transfoma hushusha volti, mapigo haiyagusi. Kwa hiyo santuri ya mizunguko 33 na theluthi inakwenda kama 27.8, na kila noti inashuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Ndiyo mafua unayoyasikia.

Hakikisha hivi. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, uweke santuri, ushike saa, uhesabu. Kwa dakika tatu karatasi ipite mbele yako mara 100 kamili. Ukipata 83, ni hilo nililokwambia. Fungua mfuniko uangalie kipuli, yaani kigurudumu kidogo cha shaba kinachovuta mkanda: baadhi ya deki zina vipuli viwili, au kibao cha kuchagua 50 na 60. Kama hakuna, fundi mwenye mashine ya kuchonga anaweza kukuchongea kipuli kinene kwa asilimia 20, kisha unahesabu tena. Wenye deki ya Technics SL-1200, kuanzia ile MK2 ya mwaka 1979, hawana hofu hii. Mwendo wake unalindwa na fuwele ya kwatzi, mapigo ya umeme hayausumbui, ingawa iliyotoka Japani nayo lazima ipate volti 100 zake.

Na hiyo transfoma, isome. Kama inatoa 110 kwa sababu muuzaji kazoea vyombo vya Kimarekani, ibadilishe utafute ya 100. Umeme wa mtaani ukipanda usiku wa manane, ile 110 nayo inapanda. Mimi nilichomeka amplifaya ya Kijapani moja kwa moja ukutani mwaka wangu wa kwanza wa ugonjwa huu, kwa sababu plagi iliingia kwenye adapta bila ubishi. Taa iliwaka vizuri mno, kukawa na harufu kama samaki aliyesahaulika jikoni, kisha kimya. Hadi leo naitumia kushikilia mlango.

Deki yangu nimeichomeka kwenye AUX. Sauti ni ndogo na nyembamba kama ya simu. (Msomaji, Arusha)

Sindano inatoa milivolti chache tu, tatu hadi tano kwa katriji za kawaida. Tena santuri zinapochongwa, besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa makusudi, la sivyo mfereji ungekuwa mpana na santuri isingemaliza nyimbo. Lazima kitu kiirudishe sawa. Chomeka kwenye tundu lililoandikwa PHONO, na kama amplifaya haina, nunua kijiboksi chake. Ikianza kunguruma, ule waya mwembamba wa ethi unaoning'inia nyuma ya deki ufunge kwenye skrubu ya amplifaya. Watu huukata wakidhani ni mabaki ya kiwandani.

Dukani mjini wanauza waya wa spika shilingi 30,000 za Kenya kwa mita tatu. Unaleta tofauti? (Msomaji, Nairobi)

Unaleta, kwa mwenye duka. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule mwororo wenye nyuzi nyingi, ukienda mita tano na kurudi tano una ukinzani wa kama omu 0.07. Spika yako ni omu 8. Haifiki hata asilimia moja. Kaza skrubu vizuri, na kama unakaa karibu na bahari, kila mwaka kata ncha zilizogeuka kijani uchune upya.

Assalaam alaikum sheikh. Nina vyombo vya fedha nyingi, lakini majlisi yangu ni marumaru chini, vioo upande mmoja, na muziki unalia kama uko kisimani. Besi ndiyo inavuma zaidi. Nibadilishe spika? (Msomaji, Maskati)

Waalaikum salaam. Usibadilishe chochote kwanza. Simama katikati ya majlisi upige kofi moja. Ukisikia mlio unaobaki nyuma kama bati, hicho ndicho unachokisikia juu ya kila wimbo. Busati zito kati yako na spika, pazia nene mbele ya vioo, kabati la vitabu ukuta wa nyuma. Hilo limekwisha.

Besi ni habari nyingine, na nadhani najua umekaa wapi. Majlisi za kwetu zina takia kuzunguka kuta, na mgeni huegemea ukuta. Ukutani ndipo besi inaporundikana, na kwenye kona ndiyo zaidi. Ukisikiliza umeegemea ukuta utaonewa hata na spika nzuri kuliko zote. Siku ya kusikiliza sogea mbele mita moja, na spika nazo zitoe ukutani, sogeza kidogo kidogo huku wimbo mmoja unaoujua unapiga. Mwisho, wewe na spika mbili muwe kama mafiga matatu, umbali sawa. Na kwa kuwa mnakaa chini, zile stendi ndefu ulizouziwa zinarusha sauti juu ya vilemba vyenu. Twita, kile kispika kidogo cha sauti kali, iwe usawa wa sikio la aliyekaa: ziondoe stendi, au ziinamishe spika kwa mbele.

Santuri ni bora kuliko CD? (Msomaji, Dodoma)

Kwa vipimo, hapana. CD tangu ilipotoka mwaka 1982 ina ukimya ambao santuri haiufikii, na inachukua masafa yote ambayo sikio la binadamu linasikia. Mimi hununua santuri kwa sababu moja: sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa hapa haikupata kuwekwa kwenye CD, na uliopo kwenye intaneti mwingi umenakiliwa kutoka santuri iliyokwisha kuliwa na sindano za baa. Ningekuwa mpenzi wa muziki wa Ulaya, nyumba yangu ingejaa CD.

Mume wangu kanunua spika mbili kubwa kama makabati. Kila Ijumaa usiku anakaa mbele yake, haongei mpaka upande wa santuri uishe, dakika ishirini nzima. Siku yake ya kuzaliwa inakaribia, nina shilingi 50,000 za Tanzania. Nimnunulie nini? (Msomaji, Mwanza)

Dada, mnunulie brashi ya nyuzi za kaboni ya kufutia vumbi, chenji itakayobaki imalizie kwa santuri kuukuu za 45. Atafurahi, na wewe utapata nafuu. Zile kubwa zinamfungia dakika ishirini, lakini kwenye za 45 bendi zilikuwa zinaukata wimbo katikati: mashairi upande wa kwanza, magitaa upande wa pili. Kila baada ya dakika nne au tano lazima ainuke ageuze. Hapo ndipo umuulize habari ya ada ya shule.