Grafu zangu zarudishwa kila mara, eti hazisomeki

SWALI: Assalam aleikum fundi. Niko masters hapa Mombasa, nimeandika pepa ya samaki wanaovuliwa Mtwapa na joto la maji. Grafu nimechora na Python, kwa laptopu zaonekana safi kabisa, lakini jarida wamenirudishia wasema rizolusheni ni ndogo wataka dipiai 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Nikaifungua picha nikaibadilisha iwe 300 nikasev, wakakataa tena! Nifanyeje jamani?
Dada wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Hiyo 300 ukiiandika juu ya picha ambayo ishatoka haisaidii kitu, programu yajibunia tu pikseli za kujazia na ukungu wabaki palepale.

Hebu tupige hesabu. Matplotlib, ile maktaba ya Python ya kuchorea grafu, usipoiambia kitu yachora inchi 6.4 kwa 4.8 na dipiai 100, yaani pikseli 640 upana. Sasa kolamu moja ya jarida kama Nature ni milimita 89, inchi 3.5 hivi, kwa hivyo 640 gawanya kwa 3.5 wapata kama 183, na wao wataka 300, lazima wakurudishie. Na kuna shida nyingine hawajakwambia bado, zile herufi zako za pointi 10 wakishaibana grafu iingie kolamuni zabaki 5 na nusu, nani atasoma hapo?

Kwa hivyo anza na saizi. Andika figsize=(3.5, 2.6), upana na urefu kwa inchi, kabla hujachora chochote, fonti weka 8, utaona majina ya samaki yagongana kule chini, wala usipunguze fonti, igeuze grafu ilale majina yakae kushoto. Halafu usisev PNG, sev PDF, savefig("samaki.pdf") basi, manake mistari na herufi zaandikwa kama maumbo sio pikseli, hata wakikuza mara kumi haichakai, na mambo ya dipiai hapo yaisha. Weka pia pdf.fonttype, aina ya fonti inayowekwa ndani ya PDF, iwe 42, kuna majarida hukataa fonti za Type 3 na Matplotlib ndizo inazotumia usipoiambia.

Wakishikilia TIFF, faili la picha ya pikseli, wape, lakini itoe hukohuko kwa savefig na dpi=600. Wachapishaji wa majarida Elsevier kwa mfano mistari mitupu nyeusi na nyeupe wataka 1000, picha za kamera 300, sasa soma kwanza maagizo ya jarida lako. JPEG waachie picha za harusi, kwa grafu yaacha madoadoa kando ya kila herufi.

Rangi nazo, nyekundu na kijani pamoja hapana, kuna watu macho yao hayazitofautishi kabisa. Tumia viridis, mpangilio wa rangi ulioko ndani ya Matplotlib, ama badilisha alama, mduara kwa kusi, pembetatu kwa kaskazi.

Na kama wamtumia supavaiza kwa WhatsApp mtumie kama dokumenti, ukituma kama picha yabanwa akupigie simu akwambie grafu mbaya na faili lako halina kosa.

Wakirudisha tena nitumie PDF yenyewe pamoja na maneno waliyoandika, sio skrinshoti tafadhali.