Maswali yenu: Nimehamia Njombe, baridi inatumaliza

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu, nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, mwezi wa tano nikapata uhamisho kuja Njombe na nina mtoto wa miezi minne. Dada baridi ya huku sijawahi kuiona, tulipomaliza kupanda Kitonga tu nikaanza kujifunga kanga juu ya kanga ndani ya basi, kumbe hapo bado kabisa. Midomo inapasuka mpaka inatoa damu, mafuta ya nazi aliyonifungia mama yameganda kwenye chupa kama samli. Maharage nayo hayaivi, nabandika asubuhi mpaka mchana bado magumu, nimeshabadilisha muuza mkaa mara mbili. Sasa nafanya hivi, jioni nawasha jiko nje, moshi ukiisha naliingiza chumbani na sufuria ya maharage juu yake, tunafunga mlango na dirisha, tunalala na joto letu. Shida ni asubuhi, naamka kichwa kizito na kichefuchefu, baba mtoto naye hivyohivyo, nadhani ni baridi inatuingia kichwani. Tutaizoea lini jamani?
Mama mchanga, Njombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hatujafika kwenye midomo na maharage, naomba hilo jiko lilale nje kuanzia leo. Leo hii, usisubiri gunia liishe.

Hicho kichwa sio baridi. Mkaa ukiungua unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, ndo maana watu wengi wanaamini moshi ukishaisha jiko limekuwa salama, wakati ule mkaa mwekundu usio na moshi ndo unaendelea kuimwaga hiyo hewa chumba kizima. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na inang'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo we unapumua vizuri tu lakini mwili unakosa hewa taratibu huku usingizi unazidi kuwa mzito. Kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kulegea, tena mnaumwa wawili kwa pamoja asubuhi, hizo ni dalili zake. Na mtoto hawezi kukuambia kichwa kinamuuma, afu anapumua harakaharaka kuliko nyie kwa hiyo inamwingia upesi zaidi. Nendeni hospitali leo wote watatu na mseme wazi kwamba mmekuwa mnalala na jiko, maana mkisema kichwa tu mtapewa dawa za maumivu mrudi nyumbani.

Naongea hivi kwa sababu yalinikuta. Natokea Lindi, mwaka wangu wa kwanza Mafinga nililala na jiko vilevile. Usiku nikaamka nimebanwa na mkojo, nasimama miguu haikubali, nikatambaa mpaka mlangoni nikausukuma kwa bega nikaanguka kwenye saruji ya kibaraza, nikabaki pale na baridi yote ile mpaka jirani aliyekuwa anaenda kuchota maji akanikuta nimejikunja. Kilichoniokoa ni mkojo, hakuna kingine. Kila baridi ikianza nawafikiria wageni waliohamia huku kama wewe ambao hakuna aliyewaambia.

Sasa maharage. Muuza mkaa hana kosa, maskini. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huko hewa ni nyepesi na maji yanachemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100 ya kwenu Tanga. Yani unaona yanatokota kwa nguvu lakini joto lake ni dogo, hata ukiongeza mkaa hayapandi zaidi ya hapo. Loweka usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga, pika na mfuniko uliobana vizuri, na ukipata hela nunua sufuria ya presha, utashangaa. Hapo hata sababu ya kukesha na jiko itakuwa haipo.

Joto la kulalia tafuta kwa maji. Chemsha huko nje, jaza kwenye ile chupa ya mpira ya maji ya moto, funga kizibo vizuri, izungushie kanga, iweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Ukija kumlaza mtoto iondoe, usimwachie pembeni hata kama imepoa, maana ngozi yake inaungua na joto ambalo wewe huoni kitu. Mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, nyepesi nyepesi zipangwe juu ya nyingine, hizo zinatunza joto kuliko sweta moja zito. Blanketi lisimfike usoni. Ukitaka kujua kama ana baridi mguse shingo au kifua, mikono ya watoto inakuwa ya baridi hata wakiwa sawa. Kuoga aoge saa saba au saa nane mchana jua likiwa limechanganya. Na akiwa na kikohozi, mfunue kifua ametulia uhesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au ukiona chini ya mbavu panabonyea akivuta hewa, usingoje asubuhi.

Mafuta yako ya nazi hayajaharibika, yanaganda yenyewe joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto, paka ukitoka tu kuoga ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Midomo usiilambe.

Kuzoea? Kuhema kwenye vilima vya kwenda shule kutapungua ndani ya wiki chache, mwili unaongeza damu wenyewe. Baridi usitegemee sana mwili, tegemea nguo, nenda mnadani kwenye mitumba uchukue sweta, soksi na kofia, uvifue na kuvianika juani kwanza. Ikifika mwezi wa tisa utaona inalegea. Jambo moja tu, kama kuna mtu hapo nyumbani ana selimundu, huyo asikae na baridi kabisa hata kidogo, inamwamshia maumivu.

SWALI: Mimi natokea Makete, nipo Dar tangu mwezi wa nne natafuta maisha. Wenyeji wanasema huu ni msimu wa baridi na wengine asubuhi kwenye daladala wamevaa sweta, mimi natokwa jasho tu. Mgongo umejaa vipele vinachoma. Usiku chandarua nakikunja maana nakosa hewa. Nifanyeje?
Kijana wa Makete

JIBU: Mdogo wangu chandarua kikunjue. Umekulia mahali penye malaria kidogo sana, mwili wako haujajenga kinga ambayo mwenzako wa Temeke anayo tangu utotoni, kwa hiyo mbu mmoja anayempa yeye homa ya siku mbili wewe anaweza kukulaza wodini. Feni ielekeze kitandani, upepo unapita kwenye chandarua. Kama huna feni, oga maji ya kawaida kabla ya kulala na usogeze kitanda karibu na dirisha lenye wavu. Ukisikia homa yoyote, pima malaria siku hiyohiyo, usijiambie ni uchovu wa kazi.

Vipele hivyo ni harara, jasho limeziba kwenye ngozi. Acha kujipaka mafuta mazito uliyozoea nyumbani, vaa pamba isiyobana, jasho likizidi oga na ujikaushe vizuri. Maji kunywa hata kabla ya kiu. Kwa kawaida ukiwa unatembea na kufanya kazi kwenye joto, wiki mbili zinatosha mwili kujifunza kutoa jasho vizuri, kwa hiyo kama tangu mwezi wa nne bado unateseka hivi, angalia hicho chumba unacholala. Bati bila dari na dirisha moja? Hapo tatizo ni chumba.