Makala ya mwani imekataliwa mara mbili: maswali yenu kuhusu majarida ya tabianchi

Nimepima joto la bahari Unguja na kuwahoji akina mama wakulima wa mwani. Jarida la kwanza limesema hii ni kazi ya sosholojia, la pili limesema ni ya bahari. Niipeleke wapi? (Mwanafunzi wa uzamivu, Zanzibar)

Pole. Yapo majarida ya taaluma mtambuka. Climatic Change lilianzishwa na Stephen Schneider mwaka 1977, ili mwanafizikia na mchumi wakutane humo. Hapo nyumbani lipo la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar.

Lakini kwanza isome upya makala yako. Katika kuhariri kazi za namna hii, mara nyingi nakuta makala mbili zilizogongelewa msumari: kurasa kumi za vipimo, kumi za mahojiano, na hazisalimiani. Tafuta swali moja. Mwani aina ya cottonii hufa maji yakipata joto kali, aina ya spinosum huvumilia, ila bei yake ni ndogo. Basi nani anaiacha cottonii, lini, na anakwenda kufanya nini? Hapo kipimajoto na mama mkulima watalazimika kujibu pamoja. Na katika barua kwa mhariri, pendekeza wahakiki, yaani wataalamu watakaoipima makala, wa pande zote mbili. Ukinyamaza, huenda ukapewa wa bahari watupu, wakuulize mahojiano ya watu 30 yanatosha vipi.

Ada ya kuchapisha makala isomwe bure ni maelfu ya dola. Nifanyeje? (Mhadhiri, Nairobi)

Usikimbilie kulipa. Majarida mengi, Climatic Change likiwamo, yana njia ya pili: wewe hulipi kitu, anayelipia ni msomaji. Baada ya miezi 12 unaweza kuweka nakala yako iliyokubaliwa, isiyo na mpangilio wa mchapishaji, kwenye hazina ya machapisho ya chuo mtandaoni. Ukitaka isomwe bure tangu mwanzo, omba punguzo kabla ya kutuma.

Jarida moja limeniandikia kwamba makala yangu itatoka ndani ya siku 5. (Morogoro)

Matapeli: siku 5 hazitoshi kuhakiki makala. Futa.

Ripoti yetu ya ukame ni ya Kiswahili. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, wanaweza kuitumia? (Afisa wa wilaya, Dodoma)

Wanaweza. IPCC haifanyi utafiti wake, hutathmini uliokwishaandikwa, na kanuni zake zinaruhusu hata maandiko ambayo hayakupitia kwa wahakiki, mradi ubora upimwe na nakala ipatikane. Iwekeni kwenye intaneti, pamoja na ikisiri ya Kiingereza. Ikibaki kabatini hata mimi siwezi kuinukuu.