Siku nilipoanza kuwalipa wanaojitolea

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uvira aliniandikia, akiniita Yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, tulianza watu ishirini, sasa tumebaki wanne. Niwape nini ili wasiondoke?" Nimekaa na swali lake siku sita bila kulijibu, si kwa wingi wa shughuli, bali kwa sababu niliwahi kujiuliza swali hilo hilo, na jibu nililolipata wakati ule lilinipotezea watu niliowapenda.

Wanaonifahamu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanajua kwamba ninaratibu kundi la vijana wanaochora mitaa ya mji wetu katika OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mwenye akaunti anaweza kuiongezea kitu au kuirekebisha. Tulianza tukiwa kumi na mmoja, kwa kompyuta mbili, moja ikiwa imeng'oka herufi M. Wengine walifuatisha paa za nyumba juu ya picha za setilaiti, na Jumamosi sote tulipita katika vichochoro vya Kadutu kuwauliza wazee na wakuu wa nyumba kumi majina ya avenyu, maana setilaiti huona bati, haioni jina. Usiku tuliendelea katika kikundi cha WhatsApp, tukibishana kama daraja fulani la miti hupitika wakati wa mvua. Hakuna aliyelipwa hata faranga moja, na sijapata kuona tena watu wakigombania kazi namna ile. Nasema bila aibu: tulikuwa hodari.

Kisha shirika moja, ambalo sitalitaja, likatupenda. Lilileta bajeti ya miezi mitatu, dola kumi kwa siku, kwa watu sita. Sita, nasi tulikuwa kumi na mmoja. Orodha niliiandika mimi, nikijiambia kwamba wale watano watangoja zamu yao. Ninyi mnaoishi Kivu mnajua neno motivasiyo lilivyogeuka midomoni mwetu: halitaji tena hamu ya moyo, linataja bahasha. Wiki ya kwanza walioachwa nje walikuja wote, wiki ya pili walikuja wawili, wiki ya tatu mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, "Yaya, leo na sisi tuna kitu?" Miezi mitatu ilipokwisha, hata wale sita hawakuja tena. Niliketi peke yangu katika ukumbi wa parokia hadi saa sita mchana, nikiwalaumu mmoja mmoja kwa jina, ilhali mimi ndiye niliyekitia bei kitu ambacho hakikuwa nayo.

Hata hivyo fedha haikuwa kosa langu kubwa. Kulikuwa na dada mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliyeichora kata ya Cimpunda karibu yote peke yake, mara nyingi usiku wa manane umeme uliporudi. Siku ramani iliyochapishwa ilipokabidhiwa kwa mkuu wa kata, pembeni yake palikuwa na nembo ya shirika na jina langu. Lake halikuwapo. Aliitazama, akanipongeza, akaenda zake, na saa tano usiku akatoka katika kikundi. Nilimwandikia mara tatu. Alama zikawa za buluu, jibu halikuja. Katika kamati yoyote ya harusi hapa mjini, daftari la michango halimkosi hata aliyetoa faranga elfu mbili, na mhasibu anayeruka jina moja husemwa mpaka watoto wa maharusi wakue. Mimi niliruka jina la mtu aliyetoa miezi minane.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Uvira, kabla ya kuuliza uwape nini, uliza wao wanatoa nini mfukoni. Posho ni jambo moja, gharama ni jambo jingine: anayekupa Jumamosi yake asidaiwe tena nauli ya pikipiki kutoka Panzi hadi Nyawera, wala mega za intaneti za kupakia picha. Siku hizi, Ijumaa jioni, mega huingia katika simu ya kila atakayefanya kazi kesho yake, kiasi kile kile kwa wote, na yangu huwa ya mwisho.

Halafu majina. Kila badiliko katika OpenStreetMap huhifadhiwa pamoja na akaunti ya aliyelifanya, hivyo kiongozi anayedai hajui nani alifanya nini hakutaka kujua. Jumapili natumia saa nzima kuyasoma mabadiliko ya wiki, kisha nataja mtu na kazi yake: si "asanteni wote", bali "fulani ametenganisha avenyu mbili ambazo ramani ilizifanya moja". Mwaka 2012 watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt walieleza jinsi walivyowapa baadhi ya wahariri hodari zaidi wa Wikipedia nyota ya shukrani, picha tu isiyonunua hata kiberiti, na kazi yao ikazidi ya wenzao wasiopewa kwa asilimia 60. Jana Gallus naye, mwaka 2017, alionyesha kwamba tuzo kama hiyo kwa wahariri wapya wa Wikipedia ya Kijerumani iliongeza waliobaki kwa asilimia 20. Niliyasoma hayo nikiwa nimekwisha kuchelewa. Mama yangu, aliyeongoza kwaya miaka mingi, angenieleza bure.

Vyeti tuliwahi kutoa, vya rangi, vyote vikifanana, na hakuna aliyevitaja tena. Barua ya kumsindikiza anayetafuta kazi, yenye idadi ya nyumba alizochora, imewafaa zaidi. Na aliyekomaa mpe mamlaka ya kukagua kazi katika kata yake, hata yako. Tusijidanganye, ndugu viongozi: wengi wetu tunapenda kuitwa waanzilishi kuliko tunavyopenda kusahihishwa.

Mwezi uliopita, katika ile saa yangu ya Jumapili, niliona badiliko dogo Cimpunda: jina la avenyu nililolikosea mimi mwenyewe lilikuwa limesahihishwa, herufi moja tu. Akaunti ilikuwa yake. Chini ya badiliko la mtu mnaweza kuandikiana maoni, nami nikaandika kwamba yuko sahihi, na kwamba jina lake sasa lipo kwenye toleo jipya lililobandikwa ofisini kwa mkuu wa kata. Hajanijibu. Jumapili iliyofuata alikuwa amesahihisha jina jingine.